Kimya cha Rundo la Tisa

Saa kumi na moja kasoro dakika saba jioni, Jumapili ya mwisho ya mwaka 2007, simu yangu ililia mara moja juu ya meza. Meseji ilikuwa fupi: RUNDO 9 JOTO 36. Niliandika saa hiyo kwenye daftari, kama nilivyozoea kuandika kila kitu, nikachukua koti nielekee Rongai. Sikufika hata barabarani. Ua wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga ulikuwa umejaa watu waliozunguka redio ya jirani wakisubiri matokeo ya kura ya urais, na mama mmoja aliniuliza kama nimerukwa na akili, kutoka saa kama hiyo. Matokeo yalisomwa. Kabla giza halijaingia tuliona moshi upande wa magharibi, na asubuhi yake hakukuwa na gari lolote lililokubali kwenda Rongai.

Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na sita. Nilitengeneza redio na simu katika chumba kimoja mtaani Bondeni. Shule niliiacha kidato cha pili kwa kukosa karo. Yaliyobaki nilijifunza kwa kurasa nilizochapisha saiba, kwenye duka la intaneti, shilingi kumi kila ukurasa, nikizisoma polepole na kamusi pembeni. Ukurasa nisiouelewa niliuweka chini ya rundo nikaurudia baada ya mwezi. Kwa njia hiyo, kwa miaka mitatu, nilisoma habari za vipima joto vidogo vinavyozungumza kwa redio bila waya, na jinsi ya kuvifanya viishi muda mrefu kwa betri mbili za tochi.

Sikusoma kwa kujifurahisha tu. Dada yangu mkubwa, aliyefiwa na mumewe, alikuwa akilima ekari sita Rongai. Yeye na familia nyingine kumi walikuwa wamechoka kuuzia madalali mahindi mwezi Desemba, bei ikiwa chini, halafu kununua unga Mei kwa bei ya juu. Wakakodi stoo ya mawe iliyoachwa na mlowezi, wakakubaliana kuyaweka mahindi yote humo hadi Aprili. Kilichowatisha ni joto. Gunia moja likiingia na unyevu, hupata moto taratibu katikati ya rundo, kuvu huanza, na kwa nje huoni kitu hadi limeambukiza majirani zake. Mwaka uliotangulia walikuwa wamepoteza magunia kadhaa namna hiyo.

Nilimwambia dada yangu kwamba ninaweza kuyalinda mahindi hayo nikiwa nimekaa Bondeni. Wale wengine kumi hawakunijua. Waliweka mahindi yao pale kwa sababu yeye aliniamini.

Nilitengeneza vipima kumi na vinne, kimoja kwa kila rundo. Kila kimoja kilikuwa na bodi ndogo niliyoilehemu mwenyewe, redio ndogo, betri mbili, vyote ndani ya kopo la plastiki lililotobolewa matundu. Karibu na mlango kulikuwa na bodi ya kumi na tano, imeunganishwa na simu kuukuu na betri ya pikipiki. Kazi yake ilikuwa moja: kunitumia meseji.

Mpango wa kwanza, niliojaribu Septemba stoo ikiwa na magunia machache, ulikuwa kama mkutano wenye mwenyekiti. Bodi ya mlangoni iliita kila kipima kila robo saa, nacho kikajibu. Vilivyokuwa nyuma ya stoo havikusikika mlangoni, kwa hiyo vilipitisha maneno yao kwa vya katikati. Baada ya siku tisa vya katikati vilikuwa vimekufa vyote, vimemalizwa na kubeba habari za wenzao. Vya nyuma vilikuwa na betri karibu mpya, lakini hakukuwa na wa kuvisikia.

Nikaupanga upya. Niliondoa mwenyekiti. Kila kipima kilijiamulia chenyewe wakati wa kulala na wakati wa kuamka, kikiangalia betri yake na kusikiliza jirani zake wa karibu tu. Aliye na nguvu zaidi alibeba habari. Akichoka, mwingine alichukua zamu bila kuamriwa na mtu. Nilivutiwa sana na jambo hilo, kwamba vitu kumi na vinne visivyojua hata viko vingapi vinaweza kufanya kazi moja pamoja. Kisha nikakata matumizi mahali pa mwisho palipobaki. Redio ndiyo inayokula betri, si kupima. Kwa hiyo nikaamuru: kama hakuna jipya, nyamaza. Joto likipanda kwa digrii moja, sema. Likishuka, hiyo si habari. Na bodi ya mlangoni isiniletee chochote kilicho chini ya digrii thelathini na sita.

Sikuona ajabu yoyote katika amri hiyo. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyoishi tangu simu za mkononi zilipoingia. Mtu akisafiri alisema, "Kukiwa na shida nitapiga. Nisipopiga, jua niko sawa." Kredi ilikuwa ghali, na hakuna aliyeichoma kwa kutangaza kwamba hajambo. Mama yetu alikaa wiki tatu bila kusikia sauti ya mtoto yeyote na akalala vizuri, kwa sababu kimya ndicho kilichokuwa salamu. Niliichukua tabia hiyo ya kwetu nikaiandika ndani ya mashine. Kwa hesabu yangu betri zingedumu miezi saba.

Kosa jingine lilikuwa dogo zaidi, nalo pia ni langu. Kabla ya gunia kuingia stoo, dada yangu alilipima kwa chumvi: konzi chache za mahindi ndani ya chupa kavu ya soda pamoja na chumvi, unatikisa kwa muda, na chumvi ikishika kioo mahindi hayajakauka. Wiki ya kabla ya kura yaliletwa magunia ya mwisho, yale yaliyokuja kuwa rundo la tisa. Watu walikuwa na haraka. Dada alitoa chupa yake, nami nikamwambia aiache, kwa kuwa kipima kitatuambia.

Sasa kilikuwa kimeniambia. Meseji ya pili iliingia Jumatatu saa tano na dakika ishirini asubuhi: RUNDO 9 JOTO 37. Nilimpigia dada yangu. Hakupatikana. Nilipiga tena hadi kredi ikaisha, na maduka ya karibu yote yalikuwa yamefungwa.

Baada ya hapo hakukuja kitu. Jumanne hakikuja, wala Jumatano. Niliweka simu mezani mbele yangu, nikatengeneza jedwali lenye safu mbili, tarehe na meseji, na katika safu ya pili nikaandika kila jioni neno lile lile: kimya. Siku ya nne nilianza kutulia. Joto lisingepanda bila kipima kusema. Hakijasema, basi halijapanda. Siku ya saba nilikuwa nimejihakikishia kabisa. Nilikuwa nikiambiwa habari za watu kuchomewa nyumba na kutafuta pa kulala, na kila niliposikia niliitazama safu yangu ya kimya, nikajiambia kwamba angalau jambo moja katika nchi hii linaenda kama lilivyopangwa.

Siku ya tisa dada yangu alipiga, kwa namba nisiyoijua.

"Ni mimi. Hii ni simu ya watu na kredi ni ya dakika moja, kwa hivyo usinisalimie."

"Mko hai?"

"Tuko. Nyumba iko. Stoo iko, hakuna mtu ameigusa. Mahindi yangu iko aje?"

"Rundo la tisa lilifika thelathini na saba. Tangu Jumatatu ile kimya."

"Kimya ni kizuri ama ni kibaya?"

"Ni kizuri. Ndivyo nilivyokipanga."

"Sikia. Leo niko na watu wanane hapa, wamekuja kujificha kwangu. Wana nguvu. Wanaweza kutoa hilo rundo lote nje tulianike kwa turubai. Kesho wanaondoka. Lakini nikiyaweka nje kila anayepita ataona tuko na chakula, unanielewa? Sitaki kuyatoa bure. Nifungue ama nisifungue?"

Nilitazama jedwali. Nakumbuka kwamba nilihesabu mistari kwa kidole kabla ya kumjibu.

"Usifungue."

"Uko na uhakika, profesa?"

Aliniita hivyo tangu siku nilipoanza kuchapisha zile kurasa, akinicheka.

"Nina uhakika."

"Haya," akasema, na laini ikakatika.

Sijui ni nini hasa kilichonirudisha kwenye daftari kesho yake. Nadhani ni lile neno uhakika, nililolitamka kwa sauti kwa mara ya kwanza. Nilichukua karatasi safi nikaandika swali juu yake: kimya cha kipima kizima na kimya cha kipima kilichokufa, nikiwa Bondeni, ninavitofautishaje? Nilikaa mbele ya swali hilo asubuhi nzima. Halikuwa na jibu. Katika miezi yote ya kupanga, kukata, kubana na kuhesabu betri, sikuwa nimeliuliza hata mara moja.

Nilibakiwa na vipima vitatu vya akiba. Nilitaka kuvijaribu kwa betri za aina ile ile niliyotumia Rongai, kwa hiyo nilitembea hadi mjini kwa mzee niliyezoea kununua vipuri kwake. Babu yake alitoka Gujarati kuja kujenga reli, na yeye mwenyewe alizaliwa nyuma ya duka lile. Alikuwa amefungua nusu ya mlango wa chuma na kuketi ndani, mkongojo magotini.

"Fundi! Watu wote wanatafuta unga, wewe unatafuta nini?"

"Betri. Zile ndogo za bei ya chini."

"Za nini?"

"Za kupima mahindi."

"Mahindi unapima na betri? Baba yangu alikuwa ananunua mahindi lori nzima, anapima na meno." Akagonga jino lake kwa ukucha. "Hii haiishi chaji."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Aliniangalia, akaacha mzaha, akaniuliza ni mahindi ya nani. Nilipomweleza alitoa betri, na juu yake kadi ya simu ya shilingi mia.

"Hii leo inauzwa mia mbili huko nje. Wewe chukua. Mpigie huyo dada."

Nilipiga kutoka pale pale dukani, namba yake, kisha ile ya watu aliyonipigia. Hakupatikana.

Nyumbani nililowanisha kidogo debe moja la mahindi, nikayaacha siku nzima yanywe, kisha nikafukia kipima katikati yake. Kipima kingine nilikiweka katika mahindi makavu. Cha mahindi makavu nilikisikia hadi hatua ishirini na mbili nje ya ploti. Cha mahindi yenye unyevu kilipotea baada ya hatua nne. Maji yalikuwa yanaimeza redio. Katika magunia nilikuwa nimejaribu kwa mahindi makavu tu, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo Septemba.

Hilo lingekuwa nusu ya msiba. Nusu nyingine ilikuwa mstari mmoja wa maagizo niliyoandika mwenyewe: jirani asipojibu, rudia. Sikuweka kikomo. Kipima kilichofukiwa ndani ya unyevu kingeita, kisijibiwe, kiite tena, bila kulala hata kidogo. Nilikiacha debeni nikaandika saa. Kwa hesabu betri zilipaswa kudumu saa thelathini na mbili. Zilidumu ishirini na tisa.

Nilirudi kwenye jedwali. Kutoka meseji ya kwanza, ile ya Jumapili jioni, ongeza saa ishirini na tisa: Jumatatu, saa nne kasoro usiku. Kipima cha rundo la tisa kilikuwa kimekufa siku moja baada ya kuniita, kikiita. Ile meseji ya pili ilipenya kwa bahati tu katikati ya kuita huko. Na sababu iliyokiua ilikuwa ile ile kilichowekwa pale kuisema. Kadiri rundo lilivyozidi kuugua ndivyo mlinzi wake alivyokufa mapema. Wengine kumi na watatu walilala salama, na kwa kuwa niliwafundisha kutojali jirani aliyenyamaza, hakuna hata mmoja aliyeona pengo.

Nilimpigia dada yangu siku hiyo mara ishirini na tatu. Niliandika kila moja. Nilikwenda steji ya magari mara tatu, nikatafuta mtu yeyote, hata mwendesha pikipiki, wa kupeleka karatasi yenye maneno mawili: FUNGUA SASA. Mmoja alisoma, akanirudishia. "Mzee, hata ungeniandikia hundi, siendi." Kisha mji wenyewe ukawaka, ikaja amri ya kutotoka nje, na kwa siku kadhaa sikuweza kuvuka hata barabara. Nilikaa chumbani na jedwali langu. Niliendelea kulijaza, ingawa sasa sikuandika tena neno kimya. Niliandika idadi ya siku. Nilijua kwa wastani kuvu hutembea kwa kasi gani kutoka gunia hadi gunia. Kila jioni niliweza kukadiria ni magunia mangapi. Nilikuwa nimejifunza mambo mengi kwa miaka mitatu, na sasa yote yalikuwa na matumizi hayo tu.

Wiki ya pili ya Februari malori yalianza kupita kwa msafara, polisi mbele na nyuma. Mzee wa vipuri alikuwa na shehena ya chumvi na sabuni iliyokuwa ikielekea huko. Alimwambia dereva wake anipe nafasi juu ya katoni. Sikuangalia pembeni njiani. Yaliyokuwapo pembeni wengine wameyaeleza.

Dada yangu alikuwa amekonda. Alinishika mkono, akaenda mbele yangu hadi stoo bila kuuliza nimekuja na nini, akafungua kufuli. Harufu ilitutangulia. Ilikuwa kama ya pombe iliyosahauliwa, na chini yake kitu kama udongo. Nilipanda hadi rundo la tisa, nikakata uzi wa gunia la juu na kuingiza mkono hadi kiwiko. Ndani kulikuwa na joto kama ndani ya mdomo. Mahindi yalikuwa yameshikana kuwa donge moja la kijani na kijivu. La nane lilikuwa hivyo hivyo, na la kumi. Vipima vyake navyo vilikuwa vimekufa, unyevu ukivifikia kabla ya joto. Kutoka hapo tulifungua gunia baada ya gunia.

Dada alikaa kwenye kizingiti, akapangusa mikono kwa leso.

"Hicho kikopo chako kilisema nini tena, baada ya ile thelathini na saba?"

"Hakikusema kitu. Kilikufa Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

"Ile ya kwanza. Siku moja baada ya matokeo."

Alihesabu kwa vidole, polepole, akarudia.

"Kwa hivyo nikikupigia kilikuwa maiti wiki nzima."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaniambia kimya ni kizuri."

"Ndiyo, dada."

"Si ungeniambia hujui?" Hakupaza sauti. "Ungesema tu, 'Dada, sijui.' Ningefungua. Mimi nikiambiwa sijui, ninafungua."

Nilikuwa nimetengeneza vyombo kumi na vinne na hakuna kimoja kilichoweza kusema sijui, wala aliyevitengeneza.

Najua jinsi ilivyopaswa kuwa. Niliumaliza mpango huo mwezi uliofuata, mezani, bila mtu kuniomba. Kila kipima kiseme neno moja mara moja kwa siku, nipo. Jirani asiposikia nipo ya mwenzake, aitangaze kama habari, kama vile joto. Aliyeita mara tano bila kujibiwa alale, aamke baada ya saa moja. Betri zingedumu miezi mitano badala ya saba. Nilimwonyesha dada yangu karatasi hizo. Alizitazama kwa adabu, akanirudishia.

Lakini Februari ile, siku tatu tulichambua mahindi. Familia zote kumi na moja zilikuja, hata zile mbili zilizokimbilia kulala kanisani. Hawakunitukana, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi. Walifanya kazi kando yangu, wakatenga yaliyo mazima, wakayatia magunia mapya. Mabovu hatukumpa hata kuku. Tuliyamwaga shimoni nyuma ya stoo na kuyachoma, na yalikataa kushika moto kwa ule unyevu, ikabidi kila mara mtu arudi kumwaga mafuta ya taa.

Jioni ya tatu dada yangu alileta kitabu cha kikundi. Alikuwa mweka hazina. Mwandiko wote humo ulikuwa wake. Alikifungua kwenye ukurasa mpya, akakiweka juu ya gunia, akanipa kalamu.

"Andika wewe."

Magunia yaliyoingia yalikuwa mia nne na kumi na mawili. Yaliyochomwa, mia moja themanini na saba. Niliuliza niyahesabu kwa bei gani, na mmoja wao akasema tutumie ile ya dalali wa Desemba, shilingi elfu moja mia tatu kwa gunia, ile waliyoikataa. Nilizidisha mara mbili kuhakikisha. Kisha nikaandika deni langu, kwa tarakimu na kwa maneno, wote wakiwa wamesimama nyuma yangu: shilingi 243,100, laki mbili arobaini na tatu elfu na mia moja.